Urefu wa Telomea za Binti Yangu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtoto mnono ni cheti cha baba yake. Mimi ni mwendeshaji wa boda boda hapa Migori mjini, na kila asubuhi nilikuwa nikimbeba binti yangu hadi shuleni nikipita makusudi katikati ya steji, kituo chetu cha boda boda, ili wenzangu wamwone. Alikuwa na miaka kumi, yuko gredi ya tano. Mashavu yamejaa, mikono imejaa, na sketi yake ya shule mama yake alikuwa ameipanua kiunoni mara mbili kwa mwaka mmoja. Wenzangu walinipigia honi na kuniita Jaduong', yaani mzee.

"Jaduong', huyo anakula!"

"Si ana baba?" nilijibu, na siku yangu ikaanza vizuri.

Kiburi hicho kilikuwa na chanzo chake. Nililelewa Homa Bay, chini ya Mlima Asego, na mama aliyefiwa na mume akiwa na watoto watano. Siku nyingine ugali ulikuwa mdogo hata mama akajifanya amekula kwa jirani. Mimi nilijua hakuna jirani aliyempa kitu, maana siku moja nilirudi kuchukua daftari nikamkuta anakwangua sufuria. Sikumwambia kwamba nimeona. Nilipokuja Migori na kupata pikipiki yangu mwenyewe, niliapa kwamba mtoto wangu hatajua njaa hata kwa kusimuliwa.

Basi jioni sikurudi nyumbani mikono mitupu. Nilileta chips za moto ndani ya karatasi iliyolowa mafuta, nikaleta soda chupa kubwa, na kama nimepita pale kwa mama wa mandazi, nikaleta na mandazi. Binti alitambua mlio wa pikipiki yangu kutoka mbali akaja mbio kunipokea. Mbio zile za kutoka mlangoni hadi getini ndizo mbio pekee alizokimbia siku nzima. Asubuhi nambeba, akitoka shule nambeba, Sabato tunapanda sote watatu kwenda kanisani, ambako mtu angefika kwa miguu kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

Mke wangu huuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, na yeye ndiye aliyeona shingo. Ngozi ya nyuma ya shingo ya binti yetu ilikuwa imegeuka nyeusi kuliko mwili wote, ikawa nene kidogo, kama kola ya shati iliyovaliwa wiki nzima. Alidhani ni uchafu. Kila Ijumaa alasiri, kabla Sabato haijaingia, alimkalisha mtoto kwenye karai na kumsugua kwa sabuni na jiwe la kusugulia miguu.

"Mama, inauma!"

"Itaacha kuuma ukianza kuoga kama msichana."

"Lakini mimi naoga! Si uchafu!"

Mimi nilikuwa nje naosha pikipiki. Nilisikia yote. Badala ya kuingia nione, nilipaza sauti tu: "Sikiliza mama yako, uache uvivu wa kuoga." Nimeyatoa maneno mengi ya kipumbavu katika maisha yangu, lakini hayo ndiyo ambayo ningeyalipia kuyarudisha kinywani.

Muhula wa pili ukaja wito wa wazazi shuleni. Tulimkuta dada mmoja kijana, mwembamba, mwenye miwani, aliyetuambia kwamba anasomea utafiti wa afya ya watoto na kwamba yeye na wenzake wamekuja kutoka Homa Bay. Sisi tulimwita daktari tangu siku hiyo ingawa kila mara alitukumbusha kwamba bado hajafika huko. Alitaka watoto watakaopimwa uzito, urefu, kiuno, presha na damu, kwa ridhaa ya wazazi na ya watoto wenyewe. Katika damu wangetazama sukari, mafuta, na kitu kingine alichokiita telomea.

Wazazi tukatazamana. Naye akauliza, "Nani hapa hufunga mizigo kwa kamba ya nailoni?"

Nikainua mkono kabla ya wote.

"Ukishaikata unaifanyaje?"

"Naichoma ncha kwa kiberiti. La sivyo inafumuka."

"Vizuri. Ndani ya kila seli ya mwili kuna nyuzi zinazobeba urithi wetu, zile tulizopewa na baba na mama. Kila uzi una ncha yake ya kuukinga usifumuke. Ncha hiyo ndiyo telomea. Seli ikijigawa, ncha inapungua kidogo. Ndivyo tunavyozeeka, sote, hata mimi. Tunachotafuta ni kujua kama kwa watoto wenye uzito mkubwa ncha hizo zinapungua upesi zaidi. Kuna walioona hivyo kwingine. Hapa kwetu hatujui."

Nilielewa ile habari ya kamba. Ile ya uzito mkubwa ilipita juu ya kichwa changu kama ndege. Mimi niliamini wanatafuta watoto wenye afya bora, na mkutano ulipokwisha nilimfuata nikamwambia, "Daktari, umefika mahali pazuri. Aliye na afya kuliko wote katika shule hii ni wangu."

Alinitazama kwa upole. "Basi umlete, baba," akasema.

Siku ya kupima tulikwenda sote, mimi nimevaa shati la Sabato. Upimaji ulifanyika katika ukumbi wa kulia wa shule, nyuma ya pazia la shuka. Binti alipanda kwenye mizani na yule dada akaandika. Akampima kiuno kwa utepe na kuandika tena. Halafu akainua nywele zake zilizosukwa, akatazama shingo, na kwa mara ya kwanza hakuandika. Alimgeukia mke wangu.

"Hapa mnapaosha sana?"

"Kila wiki," mke wangu akasema kwa aibu. "Namsugua mpaka analia. Haitoki."

"Haitatoka, mama. Huu si uchafu. Mwili wake unatengeneza insulini nyingi kupita kawaida ili sukari isipande, na insulini ikizidi, ngozi hubadilika hivi, shingoni na kwapani. Ni mwili unaotuita."

Binti yetu alikuwa bado amesimama pale na soksi zake. Hakulia. Alisema neno moja tu: "Nilisema."

Mke wangu alimvuta akamkumbatia kwa nguvu, na yeye ndiye aliyelia, kilio cha mtu mzima mbele ya wageni, huku akiibusu ile shingo. Mimi nilikuwa nimeshika helmeti yangu kwa mikono miwili na sikujua niiweke wapi. Mwishowe nikasema, "Nisamehe, nyathina." Mtoto wangu. Akanitazama kutoka kifuani mwa mama yake, akasema, "Na wewe ulisema mimi mvivu." Nikamwomba radhi tena, safari hii kwa yale niliyoyasema hasa. Akakubali kwa kichwa. Watoto husamehe haraka kuliko tunavyostahili.

Majibu ya kwanza tulikwenda kuyachukua Homa Bay, mimi na binti, kwa sababu mama yake alikuwa na soko. Sukari ilikuwa imepanda, bado haijawa ugonjwa, lakini ilikuwa imeshika njia hiyo. Mafuta ya damu yalikuwa juu kidogo. Na telomea, kwa kipimo chao, zilikuwa upande wa fupi ukilinganisha na watoto wa rika lake waliopimwa.

Hapo masikio yakaniziba. Niliona zile ncha zinavyoliwa, moja baada ya nyingine, na mtoto wangu anafumuka. Nikauliza kwa sauti ambayo hata sikuitambua, "Amebakiza miaka mingapi?"

Yule dada aliweka kalamu chini. "Baba, hapana. Telomea si kalenda. Kuna watu huzaliwa nazo fupi wakaishi wakazeeka. Sisi tunalinganisha kundi na kundi, hatusomi maisha ya mtu mmoja. Nimekuambia kwa sababu uliomba kujua, lakini ukinisikia vibaya nitajuta."

"Sasa kitu gani kinazila?"

"Vingi. Mafuta yakizidi, hasa ya tumboni, mwili hukaa kama mtu mwenye hasira kila siku, bila homa wala kidonda. Hasira hiyo huzichosha seli. Ukitaka kazi ya kufanya, acha telomea, shika sukari na kiuno. Hivyo vinasikia mtu akisema navyo."

"Visikie nini?"

Aliihesabu kazi yenyewe kwa vidole: soda iondoke, chakula cha kukaangwa kiwe cha siku chache, mboga zirudi, usingizi uwe wa kutosha. Kisha akamgeukia binti yangu. "Shuleni unaendaje?"

"Napelekwa na pikipiki."

"Ya nani?"

Binti akaninyooshea kidole kama shahidi mahakamani.

Kutoka pale tulipitia kwa mama yangu, kulekule chini ya Asego nilikokulia. Alikuwa amepika kana kwamba tunakuja kijiji kizima. Nilipomweleza kwamba mjukuu wake asirundikiwe chakula, na kwamba chai yake isitiwe sukari vijiko vinne, mama aliweka mwiko chini polepole.

"Wewe nilikunyima nikikosa," akasema. "Huyu unamnyima ukiwa nacho?"

Maneno yalinifika mahali pale pale nilipokuwa nimesimama miaka ile na daftari langu, nikimtazama akikwangua sufuria. Binti akasogea karibu na nyanya yake.

"Dani, mimi sinyimwi," akasema. "Nimechoka tu. Nikipanda ngazi za darasani kifua kinafunga. Nataka nisichoke."

Mama aliuchukua tena mwiko wake. Kisha akavuta ile sahani kubwa ya wali, akachota nusu akairudisha kwenye sufuria, na pale palipobaki wazi akajaza osuga, ile mboga yetu chungu inayopikwa na maziwa. "Basi kula hii yote," akaamuru. "Hiyo nayo wamekataza?" Hawakukataza.

Jumatatu iliyofuata niliamka, nikaifuta pikipiki kama kawaida, halafu nikaiacha uani. Binti alitoka na mkoba wake akasimama.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Leo tunatembea."

"Wewe na nani?"

"Mimi na wewe. Kwenda nitakuwa nawe, na kurudi nitakufuata."

Kutoka kwetu hadi shuleni ni kama kilomita tatu, tukikata njia za ndani ili kukwepa malori ya barabara ya Isebania. Tulipofika steji, kelele zilizozuka zilinifanya nitamani ardhi ipasuke. "Omera, ndugu yangu, pikipiki imeuzwa?" "Jaduong' ameishiwa na mafuta!" "Beba mtoto mgongoni basi!" Mwendeshaji wa boda boda anayetembea kwa miguu mjini kwake ni kama mpishi anayeomba chakula kwa jirani. Wiki mbili nzima nilikuwa kichekesho cha steji.

Mwanzoni binti alisimama mara nne au tano njiani. Darajani, pale Mto Migori, ilikuwa lazima aegemee ukingo mpaka pumzi irudi. Mimi nilijifanya namsubiri, lakini ukweli ni kwamba nami nilikuwa nahema. Kitambi changu kilikuwa na umri wa pikipiki yangu.

Jambo ambalo hakuna daktari aliyenionya ni mazungumzo. Miaka yote ile nimembeba mtoto huyu, sikuwahi kuongea naye. Juu ya pikipiki kuna upepo, kuna injini, yeye yuko nyuma nami nimetazama mbele. Sasa tulikuwa bega kwa bega. Wiki ya kwanza aliniambia kwamba wenzake humwita Tangi. Aliniambia kama anayetaja hali ya hewa. Nilitaka kwenda kuwatafuta wazazi wa watoto hao, akanizuia: "Baba, achana nao. Mimi naigiza watu, hao wanacheka, wanasahau."

"Unaigiza vipi?"

Akanionyesha. Palepale kando ya njia, binti yangu akageuka kuwa mwalimu wake wa hesabu, jinsi anavyovuta suruali kabla ya kuuliza swali na jinsi anavyosema "Je, ni wazi?" mara tatu wakati hakuna kilicho wazi. Kisha akawa mama yake akibishana na mteja wa omena. Halafu akawa mimi nikipita steji, kifua mbele, nikisalimu kushoto na kulia kama mbunge. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya jiwe. Miaka kumi nilikuwa naishi na mtu mcheshi kuliko wote niliowahi kukutana nao, nami nilidhani sifa yake kubwa ni mashavu.

Nyumbani mke wangu aliibadili meza bila hotuba. Omena aliyokuwa akiwauzia wengine, ambayo kwetu tulikuwa tumeanza kuidharau kama chakula cha waliokwama, ilirudi sufuriani na nyanya na vitunguu. Soda ikawa ya sikukuu. Siku za kwanza binti alinuna, na mimi nilinuna zaidi yake. Hata kuna mchana mmoja nilijificha nyuma ya kituo cha mafuta kilicho kando ya steji na pakiti ya chips, nikila kama mwizi. Nilipoinua macho, binti yangu alikuwa amesimama mbele yangu. Walikuwa wameachiwa mapema shuleni, naye alikuwa ameamua kurudi mwenyewe, kwa miguu.

"Baba, hizo ni za nani?"

"Za abiria," nikasema.

"Abiria amekupa umtafunie?"

Wenzangu wa steji waliyasikia maneno hayo, na hadi leo nikichelewa kujibu simu huniuliza kama namtafunia abiria. Lakini tangu siku hiyo waliacha kunicheka kwa kutembea. Wawili kati yao wakaanza kuwaacha watoto wao watembee nasi, wengine wakafuata, na kufikia muhula wa tatu tulikuwa msafara wa watoto tisa na baba mmoja, huku binti yangu mbele akiigiza na wengine wakikimbia wasipitwe na vichekesho.

Baada ya mwaka tuliitwa tena kupimwa. Safari hii tulikwenda Homa Bay sote watatu. Yule dada alipima, akaandika, akatazama karatasi za zamani, akatazama tena mpya. Nilijua uso wake kufikia hapo. Alikuwa anajizuia kutabasamu.

"Uzito haukushuka sana," akasema, "lakini amerefuka, na kiuno kimepungua. Sukari iko kawaida. Kawaida kabisa, mama."

Mke wangu akamwinua binti nywele bila kuombwa. Weusi wa shingoni ulikuwa umefifia, umebaki kivuli chembamba tu. Wanawake wale wawili waliitazama shingo ile kwa furaha kama watu wanaotazama picha ya harusi.

Nilingoja. Kisha nikauliza, "Na telomea?"

Yule dada akacheka. "Nilijua hutaondoka bila hilo. Ukweli? Ziko karibu pale pale. Mwaka mmoja ni mfupi, na kipimo chenyewe hupotoka kidogo huku na huku. Sitakudanganya kwamba zimerefuka."

Kwa dakika moja nilihisi nimepunjwa. Nilikuwa nimetembea mwaka mzima nikiwazia zile ncha zinarefuka kama kucha. Binti yangu ndiye aliyeuliza swali la maana.

"Kwa hiyo mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?"

"Wewe si mgonjwa," yule dada akamwambia. "Wewe ni msichana mwenye sukari nzuri na miguu yenye nguvu. Yaliyobaki tutaendelea kujifunza sisi."

Tulitoka pale mke wangu akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti, barabarani, mchana kweupe.

Kwa mama yangu hatukukaa hata nusu saa kabla binti hajaanza kuutazama mlima. Asego uko pale pale, umeinuka juu ya mji, na mimi utotoni niliupanda kutafuta kuni. "Dani, huko juu kuna nini?" Mama akajibu kwamba kuna upepo na kuna ziwa lote. "Kampeleke mtoto akaone," akaniambia. Yeye mwenyewe alitusindikiza hadi mwamba wa kwanza, akaketi na mke wangu, akasema magoti yake yameshauona mlima huo vya kutosha.

Tukapanda wawili. Robo ya njia tulikuwa pamoja. Nusu ya njia nilikuwa nyuma yake hatua kumi. Baada ya hapo nilichoona ni soli za viatu vyake vya raba zikiniporomoshea changarawe, kisha hata hizo sikuziona. Nilishika goti langu kwa mkono nikaketi juu ya jiwe. Moyo ulikuwa unapiga masikioni. Nikasikia sauti kutoka juu, mbali kuliko nilivyotarajia.

"Baba! Nimefika!"

Alikuwa amesimama kileleni, mikono imeinuliwa, sketi inapigwa na upepo. Hakuwa mwembamba. Alikuwa binti mkubwa mwenye mifupa ya ukoo wetu, amejaa, amesimama imara, na pumzi yake ilimtosha kupiga kelele. Mimi nilikuwa bado nahema. Basi nikapunga kofia.

Aliteremka kunifuata, akanishika mkono, akanivuta hatua kwa hatua mpaka juu. Tulikaa tukitazama ziwa, maji yakimeta hadi vilima vya ng'ambo, mabati ya mji yakiwaka juani. Aliniuliza majina ya kila kitu, nami nikamtajia, na nisichokijua nikakibuni, akanikamata kila mara.

Kushuka kulituchukua muda mrefu kuliko kupanda, kwa sababu magoti yangu yaligoma. Chini, mama na mke wangu walikuwa wamesharudi nyumbani, moshi wa jiko umeshapanda na ngege, samaki wetu wa ziwani, wanachemka kwenye mchuzi wa nyanya. Tulinawa mikono sote watano, maana jirani naye alikuwa amenusa harufu akaja, tukaketi kwenye mkeka, tukala.